Nimeenda kwa daktari na wasiwasi nikapewa dawa ya kuwashwa, hii imekaaje?

Usiku_Mrefu

Wakuu habarini za huko. Mimi niko Marekani, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu za usiku, halafu mchana badala ya kulala nasomea ule mtihani wa leseni ya unesi, NCLEX. Sasa kwa muda fulani moyo umekuwa unanienda mbio ghafla tu bila sababu, vidole vinakufa ganzi, kifua kinabana, nasikia kabisa kwamba leo ndo nakata roho, na juzi kati ikanikuta nimeegesha gari pale kazini hata mlango sijafungua, wenzangu wakanikimbiza emajensi. Wakapima kila kitu, damu, moyo, picha ya kifua, wakaniambia moyo wako mzima, hii ni paniki, nenda kaonane na daktari wako.

Daktari mwenyewe hata hakukaa na mimi, anauliza swali macho yake yako kwenye kompyuta, mwisho akaniandikia haidroksizini kapsuli za 25 mg, nimeze nikihitaji, isizidi mara tatu kwa siku, na akanipangia mtu wa maongezi ambaye nafasi yake ni hadi mwezi ujao. Nafika nyumbani nasoma lile karatasi la duka la dawa nakutana na maneno antihistamini, mzio, kuwashwa ngozi. Nikachoka! Mtu nimeenda nasema nakaribia kufa narudishwa na dawa ya upele?

Naomba mnisaidie. Hapo nimepuuzwa au ndo dawa yenyewe? Nitakuja kuwa teja? maana kuna dada kazini ananiambia achana na huo uchafu omba Xanax ndo dawa ya kweli, hata yeye anazo za kunigawia. Pia naendesha gari usiku kwenda kazini na ni mbali. Na Desemba naenda Moshi, nikiishiwa kule si nanunua tu Piriton maana nayo ni ya mzio?

Mama yangu nyumbani yeye kashatoa hukumu, anasema ni kijicho cha majirani, niache vidonge.

---

MfamasiaWaMtaa

Pole sana dada. Hujapuuzwa. Kukaa na wewe vizuri akakueleza, hilo kweli alitakiwa afanye na kwa hapo una haki ya kukasirika, ila dawa aliyokupa ni dawa ya wasiwasi kabisa, iko kwenye maelezo rasmi ya dawa hiyo tangu miaka ya 1950 huko, Marekani iliruhusiwa 1956. Majina yake utayasikia Atarax au Vistaril. Matumizi yake yapo matatu, kuwashwa, wasiwasi, na kumtuliza mgonjwa kabla ya upasuaji. Duka la dawa huwa linachapisha karatasi moja kwa wote ndo maana umekutana na upele.

Sasa kwa nini dawa ya mzio itulize mtu. Histamini watu wanaijua kwa mafua na vipele lakini ndani ya ubongo ina kazi nyingine, ndiyo inayokuweka macho na chonjo. Antihistamini za zamani zinapenya hadi kwenye ubongo zinaizuia huko pia, mtu analegea, anatulia, anasinzia. Hizi za kizazi kipya kama setirizini zimetengenezwa zisipenye sana kwahiyo zinatibu chafya bila kukulaza sana. Na hapa kuna kitu wengi hawakijui, ini lako likishaipokea haidroksizini linaigeuza sehemu kubwa kuwa setirizini hiyo hiyo. Yaani setirizini ni mtoto wake. Ndo maana ukiwa unameza hiyo usiongeze setirizini kisa una mafua, unajirundikia tu.

Uteja: hapana. Haimo kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa huko Marekani, haileti ile hali ya kuitafuta usiku wa manane. Inachofanya ni mwili kuzoea ule usingizi, baada ya siku kadhaa za kumeza mfululizo unaona hailazi kama mwanzo, na hapo ndipo watu wanapojiongezea dozi wenyewe. Usifanye hivyo.

Xanax ya dada wa kazini usiiguse asee. Sisemi ni dawa mbaya, inafanya kazi haraka na kuna watu wanaihitaji kweli, lakini ni ya kundi la benzodayazepini, na mwaka 2020 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliamuru kundi lote liwekewe onyo zito la uraibu na utegemezi, mtu akishaizoea halafu akaiacha ghafla anaweza kuanguka degedege. Na kupokea kidonge cha mtu mwingine huko uliko ni kosa la jinai, wewe unatafuta leseni ya unesi!

Piriton nitarudi nikipata nafasi, wateja wamejaa hapa.

---

lori_na_mziki

Sasa dada. Mimi ni Mkenya naendesha lori huku Texas, hiyo dawa naijua vizuri juu nilipewa wakati nilikuwa napitia mambo ya kuachana na bibi na kulala ilikuwa shida. Naongea kama mtumiaji tu, mimi si daktari.

Ya kwanza niliimeza nikiwa nimekaa kwa kiti naangalia mpira, mapumziko ya kipindi cha kwanza sikuyaona. Nilishtuka mdomo umekauka kama nimelamba unga, na asubuhi kichwa kiko na ukungu mpaka saa nne hivi. Kwa hivyo ile swali yako ya kuendesha gari, jibu ni USIJARIBU mpaka ujue vile inakushika. Ngoja siku hauendi kazi, meza ukiwa kwa nyumba, uone. Huyu daktari wetu wa kadi ya udereva alinikataza kabisa kuimeza siku za kazi, akanieleza si ati saa unaimeza tu, hata kesho yake bado iko kwa damu.

Lakini wacha nikwambie kitu ilinisaidia. Ile wiki ya korti nililala. Na mtu akishalala angalau ana nguvu ya kufikiria mambo yake. Shida zenyewe nilizipata pale pale zinaningoja, lakini nilikuwa nimelala.

---

Kivu_Bruxelles

Jambo wandugu. Mimi ni muuguzi Ubelgiji, nimetokea Bukavu. Atarax huku tunaijua kama jirani, ni dawa ya Wabelgiji wenyewe, kampuni ya UCB ndiyo iliyoitoa, hata kwetu Kongo madaktari waliosoma kwa Kifaransa wanaiandika sana.

Nimefurahi mfamasia kueleza, lakini sijaona mtu akitaja moyo na hapo ndipo mimi ningeanzia. Haidroksizini inaweza kurefusha ile nafasi ya QT kwenye ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, yaani moyo unachelewa kujipanga upya kati ya pigo na pigo, na kwa watu wachache walio na tatizo tayari inaweza kuleta mapigo ya vurugu ya hatari. Mwaka 2015 shirika la dawa la Ulaya liliikagua dawa hii likaweka mpaka: mtu mzima asivuke 100 mg kwa siku, na wazee kama hakuna njia nyingine wasivuke 50. Marekani karatasi yao bado inaruhusu hadi 400 kwa siku, 100 mara nne! Wewe umepewa 25 isiyozidi mara tatu, hiyo ni 75, hata kwa mpaka wa Ulaya uko ndani, usiogope.

Sasa jiulize haya, na yoyote ukijibu ndiyo mpigie daktari kabla ya kumeza. Kuna mtu wa familia aliyekufa ghafla akiwa kijana? Umewahi kuzimia? Umekuwa ukiharisha au kutapika sana mpaka potasiamu ishuke? Unameza dawa nyingine inayogusa QT? Hizo ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, azithromaisini ya kifua, baadhi ya dawa za huzuni kama sitalopramu na esitalopramu, ondansetroni ya kutapika, methadoni. Na kwa sababu unakwenda Moshi, dawa mseto ya malaria, ile Coartem, nayo iko kwenye orodha hiyo. Ukipata homa kule mwambie daktari mapema kwamba una haidroksizini mwilini. Bahati yako ECG umeshapimwa, omba nakala uwe nayo.

Kwa wazee unaowahudumia hapo kazini umeshaona pengine, dawa hizi huwa zinawachanganya akili, mkojo unagoma, wanaanguka usiku wakienda chooni. Marekani kwenyewe ile orodha ya Beers inasema wazee waepushwe nazo. Kwa hiyo isije ukamwonea mama huruma Moshi akisema halali ukampa kimoja chako.

Na mimba. Kama ipo au unaitafuta, miezi ya mwanzo dawa hii hairuhusiwi. Kunyonyesha pia hawaishauri.

---

SimbaWaYuda77

Nyie watu mnajazana dawa tu. Wasiwasi babu zetu hawakuwa nao. Funga, omba, kunywa maji ya uvuguvugu, lala mapema. Wazungu wanawauzia vidonge.

---

mama_J_Mbagala

Simba alale mapema vipi wakati anafanya zamu ya usiku, soma swali kwanza.

Na babu zetu walikuwa nao sana tu, ila waliitwa ana moyo, ana mashetani, ana presha ya kupanda, wakafungiwa ndani. Maombi aende na dawa ameze, mbona mafua tunaomba na limao tunakamua.

Ila mimi nina swali hapo hapo jamani. Piriton nameza kimoja kila siku usiku ndo nalala, huu sasa ni mwaka wa ngapi sijui, na mtoto akisumbua kulala nampa ile ya maji kidogo. Kuna shida?

---

MfamasiaWaMtaa

Nimerudi. Mama J nimeisoma yako kichwa kikaniuma lakini asante kwa kusema wazi, maana hilo linafanyika nyumba nyingi mno.

Piriton ni klofenamini, ya ukoo ule ule wa zamani, inalaza kweli. Lakini kutuliza wasiwasi siyo kazi iliyopimwa nayo. Haidroksizini yenyewe ambayo imepimwa, mapitio ya Cochrane, wale wanaokusanya na kupima tafiti za dawa, ya mwaka 2010 yalikuta majaribio 5 tu yanayofaa kuhesabiwa, wakaona inashinda kidonge kitupu kisicho na dawa ila wakasema ushahidi ni mwembamba, hauifanyi iwe dawa ya kwanza ya kutegemewa kwa mtu mwenye wasiwasi wa kudumu. Sasa kama hiyo ndo hali ya ile iliyosomewa, Piriton utaiweka wapi? Dada wa Moshi, kwahiyo hapana, si ile ile. Wala Phenergan ambayo ndo nyingine utaikuta imejaa kwenye maduka huku. Beba zako za kutosha kwenye chupa yake ileile yenye jina lako na jina la daktari, usizihamishie kwenye kimfuko.

Mama J, usingizi wa Piriton kila siku unazoeleka, na mdomo kukauka, choo kigumu, macho kuona ukungu ni humo humo. Nenda ukaulize kwa nini hulali, si kwa ubaya. Na mtoto ACHA kumpa ili alale. Dozi ya mtoto inaenda kwa umri na kwa ugonjwa, si kwa kelele zake. Watoto wadogo wanaweza kulegea hadi pumzi ikashuka, na wengine inawageuka badala ya kulala wanachangamka wanapanda ukuta.

Simba, maji ya uvuguvugu sikatai.

---

Usiku_Mrefu

Jamani asanteni, nimesoma yote mara mbili mbili. Kwenye moyo familia yetu haina hicho kitu, kuzimia sijawahi, mimba hakuna (na wala sijui ningeipata saa ngapi).

Nimejaribu jana nikiwa off. Nilisubiri ile hali ije ndo nimeze. Ikaja jioni, nikameza, sasa ile hali ikaisha yenyewe kabla hata dawa haijaanza, halafu ndo usingizi ukanibeba kama gunia. Sasa hapo imenisaidia au imenilaza tu? Na kuna kitu sikusema mwanzo, daktari alitaja kwamba tukionana tena huenda akanianzishia esitalopramu, na Kivu hapo juu umeitaja kwenye zile za moyo, nimeogopa.

Kingine nataka kujua, mnaposema ya muda mfupi ni muda gani.

---

Kivu_Bruxelles

Hiyo uliyoiona ndiyo ilivyo dada. Shambulio la paniki hupanda juu kabisa ndani ya dakika kumi hivi kisha linashuka lenyewe. Kapsuli inaanza kusikika baada ya nusu saa hivi, kilele chake ni kama saa mbili. Kwa hiyo ukiimeza katikati ya shambulio ni kama kupika chakula wageni wameshaondoka. Inafaa zaidi kwa wasiwasi wa kukaa, ule wa kukukaba mchana kutwa, au usiku ambao unajua kabisa hutalala. Kwa shambulio lenyewe kuna kupumua, unatoa pumzi polepole kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta, na kujikumbusha kwamba ECG yako ilikuwa nzuri na hali hii imeshawahi kuja ikaondoka. Huyo mtu wa maongezi atakufundisha zaidi, usikose miadi yake hata ukiwa umechoka, kwa paniki yale mazoezi ndiyo yanayokaa na mtu.

Kubeba kama gunia kwa 25 mg ni kawaida mwanzoni. Nusu ya maisha yake mwilini ni kama saa 20 kwa mtu mzima, maana yake uliyomeza jioni, kesho yake jioni bado kuna karibu nusu. Ndugu wa lori amesema kweli kabisa.

Esitalopramu usiikimbie. Ni dawa nzuri kwa paniki na wasiwasi. Ninachosema ni hizo mbili pamoja, huku Ulaya maelezo ya haidroksizini yanakataza kuchanganywa nayo. Mwambie tu daktari, nimesikia hizi mbili zote zinagusa QT, utanipimaje? Anaweza kukuachisha haidroksizini, au akachagua sertralini ambayo kwa upande wa moyo wengi wanaiona ina utulivu zaidi. Hizo dawa za kila siku huchukua wiki kadhaa kuanza kuonekana, na mara nyingi haidroksizini huandikwa kukushikilia katika wiki hizo tu.

Muda mfupi, karatasi ya Marekani yenyewe inasema matumizi ya zaidi ya miezi minne kwa wasiwasi hayajapimwa kwa majaribio. Mimi kazini nikiona mtu amepita wiki chache bado anaimeza kila siku ninamuuliza mpango ni upi.

Halafu mama, mbona hakuna aliyekuuliza kuhusu kahawa? Zamu ya usiku, mtihani mchana.

---

Usiku_Mrefu

Aisee kahawa 🙈 nakunywa, na zile za kopo za kuongeza nguvu nazo. Nyingi tu.

---

lori_na_mziki

Ahaa!! Hapo ndio kuna kesi. Hizo za kopo madereva wengi zimewapeleka emajensi wakidhani ni moyo. Punguza pole pole lakini, ukiacha zote leo kesho kichwa kitakuua.

---

Kivu_Bruxelles

Sisemi ndiyo sababu yote, lakini kafeini nyingi inaleta dalili hizo hizo zako, moyo mbio na mikono kutetemeka, halafu ukija kumeza haidroksizini juu yake unakuwa unakanyaga breki na mafuta pamoja. Mwulize daktari pia kama emajensi walipima tezi la shingo na upungufu wa damu, maana hivyo viwili navyo hujifanya wasiwasi.

---

MfamasiaWaMtaa

Naongeza vitu vya huko kwenye shelfu zenu kwa sababu najua mtu akichoka anaingia supamaketi. Benadryl, Tylenol PM, NyQuil, ZzzQuil, hizo nyingi zina antihistamini za zamani ndani yake, usiziweke pamoja na hiyo kapsuli. Pombe hata bia moja hapana, inazidisha kulegea. Dawa kali za maumivu vilevile, za jamii ya mofini. Presha ya macho kama unayo sema.

Na zamu ya usiku panga hivi, siku ukiwa na kazi usimeze kabla ya kutoka wala ukiwa kazini. Ukirudi asubuhi ukaona huwezi kulala na jioni hiyo HUENDI kazini, hapo ndo wakati wake. Ukiona siku za kazi huwezi kuivusha bila dawa, mpigie daktari abadilishe mpango, asikuachie wewe ukisie.

Siku ikitokea wasiwasi umegeuka mawazo ya kujidhuru usisubiri miadi ya mwezi ujao, huko Marekani unapiga 988 saa yoyote, wana mkalimani ukitaka.

---

mama_J_Mbagala

Mfamasia mimi hujanimalizia. Nikiacha Piriton leo nitalala kweli? Mwenzenu naogopa usiku.

---

MfamasiaWaMtaa

Siku mbili tatu za kwanza usingizi unaweza kuwa wa mang'amung'amu, kisha unarudi. Punguza, leo nusu, wiki ijayo ruka siku. Ila hiyo naogopa usiku ndo nataka ukaiseme kituo cha afya, mwambie daktari hivyo hivyo ulivyoandika hapa, usimwambie sina usingizi tu maana atakuandikia kidonge kingine.

---

Usiku_Mrefu

Nimempigia mfamasia wa dukani kwangu huku, bure kabisa wala sikuhitaji miadi, akaangalia dawa zangu zote kwenye kompyuta akasema ataacha ujumbe kwa daktari kuhusu hiyo esitalopramu. Mama J nenda na wewe. Mimi kopo la leo nimelirudisha kwenye friji, nusu.